The Division Bell (1994) ni albamu ya Wright, Gilmour kaweka sauti tu. Nipingeni

#1 Mzee wa Santuri
Wakuu, heshima kwenu.

Wiki nzima narudia The Division Bell ya Pink Floyd, ile bendi ya rock ya Uingereza, safari hii na kijitabu chake mkononi, nasoma nani katunga nini. Nimefika mahali ambapo najua nitatukanwa: albamu hii ni ya Richard Wright, mpiga kinanda. Gilmour anaonekana kwa sababu ndiye mwenye gitaa na ndiye mwenye sauti. Mtoe Wright uone kama hutabaki na kitu kama A Momentary Lapse of Reason ya 1987, yaani albamu ya Gilmour peke yake iliyovalishwa shati la Floyd.

Kumbukeni mtu huyu alikotoka. Roger Waters, mpiga besi wao, alimtimua 1979 wakati wa kutengeneza albamu ya The Wall, yaani Ukuta. Ziara ya The Wall akapiga kama mwajiriwa wa mshahara. The Final Cut ya 1983 jina lake halimo kabisa. 1987 karudishwa, lakini kama kibarua. Halafu 1994 anaibuka kwenye utunzi wa vipande vitano kati ya kumi na kimoja, na kimoja anakiimba mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu enzi za The Dark Side of the Moon ya 1973.

Nani alimfungulia mlango, na kwa nini wakati ule? Karibuni.

#2 Mtoto wa Getini
Nimeshakaa. Kahawa ipo, kashata ipo. Waje wanaojua.

#3 Fundi Mitambo
Mzee wa Santuri, umeingilia dirishani na mlango uko wazi. Jibu liko kwenye namna walivyoanza kurekodi.

Ile ya 1987 ilijengwa kipande kwa kipande. Ngoma za mashine, wapigaji wa kukodi. Nick Mason, mpiga ngoma wa bendi, yupo, lakini sehemu kubwa ya ngoma zikapigwa na kina Jim Keltner na Carmine Appice. Januari 1993 wakageuza. Gilmour, Mason na Wright waliingia Britannia Row, studio yao ya zamani pale London, wakaanza kupiga tu. Hakuna wimbo, hakuna maneno, hakuna anayejua mwenzake ataelekea wapi. Pembeni kuna mashine ya kanda ya dijitali inanasa kila kitu. Baada ya muda wakamwita Guy Pratt aje na besi.

Walitoka na vipande kama 65. Hapo ndipo unaona Bob Ezrin, prodyuza aliyefanya nao The Wall, anaanza kufanya kazi ya mchungaji. Kazi ikahamia Astoria, ile boti ya Gilmour iliyofungwa ukingoni mwa mto Thames yenye studio ndani. 65 zikawa 27, 27 zikawa 11. Na kabla ya kuanza kupamba, walikwenda studio za Olympic kule Barnes wakapiga misingi ya nyimbo kama bendi, pamoja, kwa siku chache tu.

Sasa watu watatu wakitunga kwa kupigiana chumbani, mpiga kinanda atakosaje sehemu yake? Hapakuwa na mlango wa kufunguliwa. Walikuwa wote ndani.

#4 Msela wa Likoni
Fundi umeruka utamu wote. Hiyo safari ya kupunguza vipande walipiga kura. Kila mtu anapea kila kipande alama, mwisho kumi. Mason ndiye alisimulia hii story: Wright akapea vipande vyake alama kumi zote, vya wenzake sufuri. Hesabu ikavurugika.

Kwa hivyo Mzee yuko sawa, albamu ni ya Wright. Aliishinda kwa kura. Sisi huku uchaguzi kama huo tunaujua.

#5 Mzee wa Santuri
Hahaha, Msela umenitetea hadi umenizika.

#6 Binti Muttrah
Salaam kutoka Muscat. Kaka zangu mmehesabu vizuri sana vipande vitano vya Wright. Sasa nihesabieni na vya Polly Samson.

Nisaidie? Albamu ina vipande 11. Viwili havina maneno, Cluster One na Marooned. Vinabaki tisa. Katika hivyo tisa, jina la Polly liko kwenye maneno ya saba. SABA. Coming Back to Life ni ya Gilmour pekee, na Wearing the Inside Out ndiyo ya Wright. Yaani mwanamke ambaye hakupiga hata filimbi amegusa nyimbo nyingi kuliko mpiga kinanda, na uzi huu umefika jibu la sita hakuna aliyemtaja.

Tatizo la bendi hii baada ya Waters kuondoka lilikuwa maneno. Muziki Gilmour alikuwa nao siku zote. Aliyekuwa hana ni mtu wa kukaa naye jioni akamwuliza, hapa ulikuwa unataka kusema nini? Polly alikuwa mwandishi, na walikuwa wapenzi. Walioana Julai 1994 ziara ikiwa bado inaendelea. Nani alifungua mlango? Aliyefungua alikuwa mezani kwake anakunywa chai naye.

#7 Kamusi Hai
Binti Muttrah, hesabu yako ni sahihi, nimeikagua kwenye kijitabu. Ongeza mmoja: Nick Laird-Clowes, yule wa bendi ya The Dream Academy, yumo kwenye maneno ya Poles Apart na Take It Back. Kwa hiyo hata hizo saba si zake peke yake.

Na Mzee wa Santuri, nikurekebishe jambo moja. Unaandika kana kwamba 1994 Wright alikuwa amerudishiwa kiti chake. Picha ipo, jina lipo, lakini kimkataba bado hakuwa mwanabendi kamili sawa na Gilmour na Mason. Aliwahi kusema waziwazi kwamba ilikaribia sana asiifanye albamu hiyo, kwa sababu aliona walichokubaliana si haki. Alibaki kwa shingo upande.

#8 Mzee wa Santuri
Kamusi, hapo umenipa nguvu. Mtu hana mkataba kamili, ana kinyongo, na bado anatoa kitu kama Marooned? Ile ndiyo pekee iliyowapa Grammy, ya ala tupu.

#9 Mpiga Solo wa Keko
Marooned ni gitaa bana! Mimi ni mpiga gitaa, msinitanie. Ule mlio unaoruka juu kama ndege kisha unashuka ni pedali ya Whammy, unakanyaga na noti inapanda ngazi nzima. Gilmour alikuwa ameipata karibuni akawa kama mtoto na baiskeli mpya. Nimewahi kujaribu na pedali ya kuazima kwenye harusi moja Mbagala. Bwana harusi mwenyewe alinifuata akaniuliza kama chombo kimeharibika.

#10 Mzee wa Santuri
Sawa mpiga solo, ila sikiliza CHINI ya gitaa. Ondoa kile kinanda uone kama hilo ndege lako lina mahali pa kutua.

#11 Fundi Mitambo
Hapo nakubaliana na Mzee. Kazi ya Wright siku zote ilikuwa ya zulia. Hulioni mpaka liondolewe.

#12 Duka la Kaseti
Niwatoe kidogo kwenye vita. Jalada. Mimi ninayo hii albamu tangu shule, na vile vichwa viwili vikubwa vinavyotazamana ni vya MAWE. Kila nikisoma mtandaoni watu wanaandika vya chuma. Nani anadanganya?

#13 Kamusi Hai
Wewe ulinunua kaseti, siyo?

#14 Duka la Kaseti
Ndiyo. Umejuaje?

#15 Kamusi Hai
Kwa sababu vilikuwa jozi mbili. Storm Thorgerson, mbunifu wao wa miaka yote, alitengenezesha vichwa vya chuma na vichwa vya mawe, akavisimamisha shambani karibu na Ely, mkoa wa Cambridgeshire. Santuri na CD zikapewa chuma, kaseti ikapewa mawe. Na si picha ya kompyuta, vilijengwa kweli, vikubwa kama basi la ghorofa. Ukitazama katikati ya vinywa utaona kanisa kuu la Ely kwa mbali.

Sasa vitazame tena, usione vichwa viwili. Ona uso MMOJA unaokuangalia wewe. Thorgerson alisema huo uso wa tatu ni wa wasiokuwepo: Syd Barrett, yule mwanzilishi aliyeondoka 1968, na Roger Waters.

#16 Duka la Kaseti
Lahaula. Miaka thelathini ninao nyumbani sijauona. Nimeuona sasa hivi, siwezi tena kuviona viwili.

#17 Mtoto wa Getini
Mimi bado naona viwili. Nina kasoro?

#18 Msela wa Likoni
Fumba jicho moja. Ama kunywa maji kwanza.

#19 Mwanasheria Mlalahoi
Wadau mnazunguka mbuyu. Albamu imetengenezwa na Roger Waters. Ndiyo, ambaye hakuwepo.

Waters aliondoka 1985, mwaka uliofuata akaenda mahakamani kuzuia wenzake wasitumie jina la Pink Floyd. Kwake bendi ilikuwa imekwisha nguvu. Wakamalizana Desemba 1987, na mahali Gilmour na Waters walipokaa kumaliza ni ndani ya Astoria, boti ile ile mnayosema studio. Sasa fikirieni: unarekodi albamu kwenye chumba ulichogawana mali na mwenzio. Unadhani utaimba nini? Nyimbo zote ni watu wawili wasiosikilizana. Keep Talking, Lost for Words, Poles Apart. Hata vichwa vya Kamusi vinatazamana bila kusema. Waters mwenyewe aliisikiliza akaiponda toka mwanzo hadi mwisho. Mtu haumizwi na kisichomhusu.

#20 Binti Muttrah
Wakili, Poles Apart nakupa: ubeti wa kwanza unasemeshwa Syd, wa pili Waters, Polly mwenyewe amethibitisha. Lakini A Great Day for Freedom watu walimtwika Waters kwa sababu tu una neno ukuta. Gilmour alikana. Ule ni ukuta wa Berlin, na namna furaha ya 1989 ilivyogeuka vita na chuki miaka iliyofuata. Si kila ukuta ni wa Roger.

#21 Mwanasheria Mlalahoi
Shahidi amekana, lakini mahakama haifungwi na kukana kwake. 😀

#22 Mpenzi wa Kitabu
Je, jina la albamu? Nilisikia lilitoka kwa Douglas Adams, yule mwandishi wa vichekesho vya anga. Au chai?

#23 Kamusi Hai
Si chai. Januari 1994 albamu inakaribia kuisha na jina hawana. Walikuwa wanabishania majina kama Pow Wow na Down to Earth. Adams alikuwa rafiki yao. Akawaambia anayo jina, ila walipe pauni 5,000 kwa taasisi ya mazingira aliyokuwa anaiunga mkono. Wakakubali. Akawaambia jina liko humo humo ndani, kwenye maneno ya High Hopes, wimbo wa mwisho. Kengele hiyo ni ile ya bunge la Uingereza, inayolia kuita wabunge waje kugawanyika, wa ndiyo huku, wa hapana kule.

#24 Msela wa Likoni
Pauni elfu tano kwa kusoma wimbo wa watu na kuwarudishia maneno yao. Huyo ndiye prodyuza halisi.

#25 Mzee wa Santuri
Na Dodoma kengele hupigwa wabunge wasipotimia. Ingekuwa albamu ndefu sana.

#26 Mpiga Ngoma
Nimesoma hadi hapa kimya. Kila mtu ana mgombea wake, mimi wangu ni Nick Mason na hamtaki kusikia.

1987 alikuwa amekaa muda mrefu bila kupiga, amepoteza kujiamini, na hata yeye amekiri. Wanaposema "walipiga watatu chumbani" maana yake ni kwamba Mason alirudi kwenye kiti. Gilmour na Wright wasingeweza kupigiana hewani bila mtu wa kuwashikia muda. Sikiliza Cluster One, ngoma zinaingia taratibu kama mtu anayeingia nyumbani kwake usiku asiamshe watoto. Na ushahidi wa kwamba lile jambo la 1987 liliwauma: 2019 walipotoa mkusanyiko wa The Later Years, albamu ya 1987 ilichanganywa upya, Mason akapiga ngoma mpya, na vinanda vya Wright vikarudishwa mbele. Hawakuona haja ya kuifanyia hivyo The Division Bell.

#27 Fundi Mitambo
Mpiga Ngoma, hoja nzito. Nyongeza ndogo: Gary Wallis alikuwepo pembeni kwenye albamu hii pia, vyombo vidogo vidogo vya kugonga. Na saksafoni ya Wearing the Inside Out ni ya Dick Parry, ambaye hakuwa amesikika kwenye albamu yao tangu 1975.

#28 Kijana wa Juzi
Umetajwa Cluster One nikakumbuka aibu yangu. Nilinunua CD, nimefika nyumbani, nabonyeza: mkwaruzo. Kama karatasi inakunjwa, kama mafuta yanakaangwa. Dakika nzima. Nikajua nimeuziwa bovu. Nikapanda daladala mbili nikairudisha. Muuzaji akaiweka kwenye redio yake, akasikiliza, naye akasema kweli mbovu, akanibadilishia. Nimefika nyumbani na ya pili: mkwaruzo ule ule. Nikarudi tena. Safari hiyo tukagombana.

#29 Kamusi Hai
Hahahaha pole kijana. Ule mkwaruzo ni wa makusudi. Ni mawimbi ya redio ya asili, yanayosababishwa na radi na upepo wa jua kugonga sumaku ya dunia. Yaani umemrudishia mwenye duka jua.

#30 Kijana wa Juzi
Nimejua miaka mingi baadaye. Duka lenyewe lilishafungwa.

#31 Mhasibu wa Kariakoo
Samahani kwa kuharibu sherehe, ila hakuna aliyetaja pesa. Albamu ilitoka mwisho wa Machi 1994 Uingereza, na ziara ikaanza tarehe 30 Machi Miami. Tazameni hizo tarehe. Ulaya mfadhili wa ziara ni Volkswagen, wakatoa hadi Golf ya toleo la Pink Floyd. Ziara inahitaji albamu kama harusi inavyohitaji kadi. Ikashika namba moja Uingereza na Marekani, basi. Nani aliitengeneza? Kalenda.

#32 Mpiga Solo wa Keko
Mhasibu, Gilmour alijutia ile ya Volkswagen na sehemu yake akaitoa sadaka. Mwenye njaa ya pesa hafanyi hivyo.

#33 Mhasibu wa Kariakoo
Anayeweza kutoa sadaka ni aliyekwishashiba. Sijasema walikuwa na njaa, nimesema walikuwa na tarehe.

#34 Mtoto wa Getini
Ile habari ya Publius nayo? Fumbo la mtandaoni, kwamba albamu ina siri na atakayeipata ana zawadi?

#35 Kamusi Hai
Ilianza Juni 1994 kwenye jukwaa la mashabiki intaneti ikiwa bado changa, mtu asiyejulikana anaandika kwa jina Publius. Watu hawakuamini, akaahidi ishara, na tarehe 18 Julai taa za onyesho lao kule New Jersey zikaandika ENIGMA PUBLIUS. Watu wakachanganyikiwa. Baadaye Mason alisema ni mpango wa kampuni ya rekodi. Zawadi hakuna aliyeichukua.

#36 Mwanasheria Mlalahoi
Kwa hiyo ule uzi wao ulianza 1994 na haujafungwa. Sisi tuna siku mbili tu.

#37 Binti Muttrah
Narudi kwenye Wright kabla uzi haujaingia mitini. Mzee wa Santuri, udhaifu wa hoja yako: huo wimbo mmoja anaoimba, maneno si yake. Ni ya Anthony Moore. Mtu anaeleza jinsi alivyojifungia ndani kimya, halafu hata maneno ya ukimya wake kaandikiwa.

#38 Mzee wa Santuri
Dada, hapo umenishika pabaya. Lakini ndivyo alivyokuwa. 1996 akatoa Broken China, akafanya na Moore huyo huyo. Mtu wa kinanda huyu, maneno aliazima. Na ushahidi wangu wa mwisho ninao, nilikuwa nauficha: The Endless River.

Mnakumbuka vipande 65? Havikutupwa. Andy Jackson, fundi mitambo wao, alikuwa ameshaunga baadhi akaviita The Big Spliff, havikutoka. Wright akafariki Septemba 2008. Miaka ikapita, prodyuza Phil Manzanera akapewa akae na mabaki hayo, saa kama 20 hivi za kusikiliza. Yeye, prodyuza mwingine aitwaye Youth, Jackson na Gilmour wakatengeneza albamu nzima, ikatoka Novemba 2014. Karibu yote ala tupu, maneno yako kwenye wimbo mmoja wa mwisho, na jina lake limechotwa kwenye mwisho wa High Hopes. Gilmour na Mason wakaiita heshima kwa Wright. Kama albamu ya 1994 ilikuwa ya Gilmour, kwa nini makombo yake yalitosha kuwa kaburi la Wright?

#39 Mhasibu wa Kariakoo
Kwa sababu yalitosha kuuzwa.

#40 Binti Muttrah
Na huo wimbo mmoja wenye maneno, nani kaandika? Polly. 😌

#41 Mpenzi wa Kitabu
Jalada la hiyo 2014, kijana anayepiga kasia juu ya mawingu, limetoka kwa Mmisri, Ahmed Emad Eldin, alikuwa na miaka 18 tu. Thorgerson alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hili liwekwe kwenye kumbukumbu za uzi.

#42 Fundi Mitambo
Limewekwa. Na mwishoni kabisa mwa The Division Bell, baada ya High Hopes kuisha, msizime. Kuna simu. Meneja wao Steve O'Rourke alikuwa anaomba miaka yote awekwe kwenye albamu. Wakamweka: anampigia mtoto mdogo wa Polly, Charlie, na mtoto anamkatia simu.

#43 Msela wa Likoni
Basi nimepata jibu. Albamu ni ya Charlie.

#44 Duka la Kaseti
Wakuu, kwa ajili yenu nimeitoa kaseti yangu ya mawe sandukuni, nimeipata redio yenye mlango mzima, nimebonyeza. Cluster One imeanza. Dakika mbili sasa nasikiliza mkwaruzo. Kamusi, nitajuaje upi ni wa jua na upi ni wa kaseti?